Umeme wa Jua: Je, Fedha Yetu Itarudi?

Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya mwezi wa sita na wa nane, wauzaji wa sola huanza kuonekana katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Huja kwa pikipiki, paneli imefungwa nyuma kwa mpira, na neno lao la kwanza karibu daima ni lile lile: jua ni bure. Ni neno la kweli. Ila paneli si bure, betri si bure, wala fundi hapandi juu ya nyumba yako kwa kukupenda tu. Tena huja wakati ule ule mama ana laki mbili au tatu za alizeti au karanga mkononi, fedha ambazo zinadaiwa na kila kona ya nyumba: sare na madaftari ya Januari, bati za chumba cha nyuma, mbuzi wa kuongeza zizini, akiba ya miezi ya njaa.

Je, anunue sola?

Mimi siamini kwamba kuna jibu moja. Kuna nyumba ambayo sola itairudishia fedha yake kabla ya mavuno mawili kupita, na kuna nyumba nyingine, pengine mwendo wa saa moja tu kutoka hapo, ambayo haitairudishia kamwe. Tofauti haiko katika jua, kwa maana jua ni moja. Iko katika mambo mawili: nguzo ya TANESCO iko umbali gani na mlango wako, na hivi sasa nyumba yako inatumia shilingi ngapi kwa mwanga na kwa chaji ya simu. Hebu mama mwenzangu tuchukue daftari na kalamu.

Jua tunalo

Kwanza tuondoe wasiwasi juu ya jua lenyewe. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Ukame huo unaotutesa shambani ndio neema ya mwenye paneli. Miezi saba anga ni wazi, na hata masika yetu ni ya mvua inayokuja, inapiga na kuondoka. Ndugu zetu wa Bukoba na Tukuyu, ambao hukaa siku kadhaa bila kuliona jua vizuri, hulazimika kununua betri kubwa ya kuwavusha siku hizo. Sisi hatuna haja hiyo.

Kwa hesabu ya mafundi, hapa kwetu tunaweza kutegemea saa tano hadi sita za jua kamili kwa siku. Paneli ya wati 100 ingetoa basi zaidi kidogo ya nusu uniti kwa siku, uniti hiyo hiyo unayoinunua kwa LUKU. Ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, unabaki na kama sehemu nne za kumi za uniti. Inaonekana ndogo, lakini taa nne za LED za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula sehemu moja tu ya kumi. Simu tatu na redio hazifiki hata hapo. Runinga ndogo ya sola ikiwashwa saa nne inakula sehemu nyingine moja ya kumi hivi. Kwa hiyo paneli moja ya wati 100 inatosha mahitaji ya jioni ya familia ya kawaida, na chenji inabaki.

Paneli zenyewe zimeshuka bei sana. Katika miaka ya 1980 na 1990 kuona sola ilikuwa ni kuona misheni au zahanati yenye jokofu la chanjo. Mwananchi wa kawaida aliitazama kwa mbali. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Na paneli nzuri huishi miaka 20 hata 25. Kama ingekuwa ni paneli peke yake, makala haya yangeishia hapa.

Anza na nguzo

Kabla ya kuuliza bei ya sola, uliza habari za nguzo. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika karibu kila kijiji cha nchi hii. Lakini kufika kijijini si kufika nyumbani. Sisi wa uwanda wa kati tunajua sababu yake. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 watu walikusanywa katika vijiji vya pamoja, na baadaye wengi wakarudi taratibu karibu na mashamba na malisho yao. Basi nguzo imesimama senta, penye shule na zahanati, na nyumba yako iko kitongojini, kilomita mbili au tatu ng'ambo ya korongo.

Kwa kijijini, gharama ya kuunganishiwa umeme imekuwa shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ni shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30. Ukihitaji nguzo moja ni 515,618, na nguzo mbili ni 696,670. Juu ya hapo kuna kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na hapo ndipo akina mama wengi wa kijijini hukwama. Kama nyumba yako ni ya chumba kimoja au viwili, waulize habari za UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kifaa kidogo cha ukutani chenye soketi na swichi zake, kinachokuwezesha kupata umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima.

Kwa nini nasisitiza nguzo? Kwa sababu ya bei ya uniti. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, aliye katika daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza kodi na makato mengine, uniti 75 ni shilingi 9,150. Itazame risiti yako ya LUKU au ya jirani, utaona ni uniti ngapi zinatoka kwa fedha ngapi.

Sasa weka betri ya sola kando ya risiti hiyo. Tuseme umenunua betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12 na ampea 100, kwa shilingi 300,000. Betri hiyo kwa jina ina uniti moja na sehemu mbili za kumi. Lakini ukiikamua zaidi ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo cha kutumia ni kama sehemu sita za kumi za uniti kwa usiku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Ukiitunza vizuri itakupa miaka mitatu. Gawanya 300,000 kwa miezi 36: shilingi 8,333 kwa mwezi. Umeona? Betri peke yake, bila paneli, bila fundi, inakugharimu kwa mwezi karibu sawa na uniti 75 za TANESCO, nayo inakupa uniti 18 tu.

Hesabu hiyo ndiyo wauzaji hawaigusi. Paneli inadumu kama mti wa mbuyu. Betri inakula kama mtoto. Betri mpya za lithiamu ni bora zaidi, zinaweza kufika miaka minane hata kumi, nazo hukubali kukamuliwa zaidi, lakini bei yake ya kuanzia ni kubwa. Na wale wanaonunua betri ya gari iliyotumika, kwa kuwa ni rahisi, wajue kwamba betri ya gari ilitengenezwa kuwasha injini kwa nguvu na kupumzika. Haikutengenezwa kuwasha taa usiku kucha. Mara nyingi haimalizi mwaka.

Kwa hiyo kama nguzo iko jirani, na wewe ni mtu wa taa, simu, redio na runinga, chukua umeme wa TANESCO. Fedha inayobaki nunua mbuzi.

Mama wa kitongojini

Na kama nguzo haipo wala haitazamiwi karibuni? Hapa mizani inageuka kabisa.

Wengi wetu tulilelewa kwa koroboi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo nyumba nyingi ziliiweka koroboi kando zikashika tochi za betri kavu. Moshi umepungua, lakini fedha bado inatoka, tena kidogo kidogo kiasi kwamba hakuna anayeiona. Mama anatuma mtoto dukani na mia tano, kesho mia tatu, keshokutwa tena.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Nyumba yake ina simu mbili, na kila moja hupelekwa senta kuchajiwa mara tatu kwa juma kwa shilingi 300. Hiyo ni 1,800. Betri za tochi na kiberiti ni 1,000 kwa juma. Jumla 2,800 kwa juma, na kwa majuma 52 ya mwaka ni shilingi 145,600. Ukimwuliza ghafla kama anatumia laki na nusu kwa mwaka kwa mwanga na simu, ataapa kwamba si yeye.

Mama huyo akinunua seti ndogo yenye paneli yake, taa tatu na mahali pa kuchajia simu, kwa shilingi 180,000 taslimu, fedha yake itakuwa imerudi katika miezi 15 hivi. Baada ya hapo, mpaka betri ya ndani ichoke, kila juma linamwachia 2,800. Hakuna mbuzi anayezaa hivyo. Na hapa sijataja mtoto kusoma jioni bila kukodoa macho, wala kuamka usiku kumhudumia mgonjwa, wala nge anayeonekana kabla hujamkanyaga.

Nakushauri ufanye hivi kabla ya kununua chochote. Kwa majuma manne andika kila shilingi inayotoka kwa betri, mafuta, mishumaa, kiberiti na chaji, pamoja na nauli kama mtu hupanda bodaboda kupeleka simu. Zidisha kwa 13. Hiyo ndiyo fedha ya mwaka ambayo sola inaweza kukuokolea. Usiongeze chochote kingine juu yake. Kama ni 60,000, usinunue seti ya 400,000 ukitegemea irudi. Nunua taa moja nzuri yenye paneli yake ndogo na sehemu ya kuchajia simu, utosheke.

Mkataba haujui mwezi wa njaa

Wengi hawana 180,000 kwa mkupuo, na hapo ndipo mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu unapoingia. Mpango huu umewafikisha watu wengi kwenye mwanga, nami siudharau. Lakini zidisha. Tuseme seti ile ile inatolewa kwa kianzio cha 20,000, kisha 600 kila siku kwa siku 540. Mara 600 kwa 540 ni 324,000. Ongeza kianzio, ni 344,000. Umeinunua seti moja kwa bei inayokaribia ya mbili. Fedha yako itarudi baada ya miaka miwili na miezi minne hivi, siyo miezi 15.

Na kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo. Shilingi 600 kwa siku ni 4,200 kwa juma. Mama wetu alikuwa akitumia 2,800. Kwa hiyo katika kipindi chote cha kulipa, sola haimpunguzii matumizi. Inamwongezea 1,400 kila juma. Zitatoka wapi? Mwezi wa saba zitatoka kwenye karanga. Lakini Januari, Februari na Machi, wakati ghala limekwisha na mtama bado uko shambani, 1,400 ni unga. Usipolipa, kifaa kinajifunga. Mnakaa gizani na kifaa kipo ukutani, na simu zinarudi kuchajiwa senta kwa shilingi 300.

Kama unakopa, tafuta mkataba unaokuruhusu kulipa nyingi wakati wa mavuno na kupumzika wakati wa njaa. Au kopa kwenye kikundi chenu, vikoba au chama cha akina mama kanisani, ununue taslimu. Hata ukirudisha 200,000 au 220,000 kwa ile 180,000 uliyokopa, bado umeokoa zaidi ya laki moja. Vikundi vingine hununua seti kumi kwa pamoja na kupunguziwa bei, kisha kila mwanachama hulipa kwa zamu kama mchezo wa kupeana.

Uliza pia nani atakutengenezea kifaa kikiharibika, na ofisi yake iko wapi. Si ya Dar es Salaam, ya hapa. Kampuni nazo huanguka. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa imeuza mitambo ya mkopo hapa Tanzania, Kenya na Rwanda, ilifilisika mwaka 2019, na Engie ya Ufaransa ikainunua mwaka huo huo. Dhamana ya miaka mitatu ni nzuri kwa kadiri aliyeitoa atakavyokuwepo miaka mitatu.

Jambo la jina. Mkataba uandikwe kwa jina la nani, na malipo yatoke kwa simu ya nani? Katika nyumba nyingi ni baba, na ni sawa kama baba yupo. Lakini baba akienda vibarua Manyoni kwa miezi miwili na simu yake, mama na watoto hubaki na kifaa kilichofungwa. Kaeni wawili mwelewane tangu mwanzo, na mama awe na namba ya kifaa ili aweze kulipa kwa simu yoyote. Mzungumze pia habari za runinga. Seti yenye runinga hupandisha deni mara mbili au zaidi, na wenye kuipigia debe, nisamehewe, mara nyingi ni mpira. Si dhambi kupenda mpira. Ila runinga haiokoi shilingi hata moja, na isiingizwe katika hesabu ya fedha itakayorudi.

Na sisi wa mjini?

Tangu serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, mji umefurika nyumba mpya, na juu ya mabati ya Nkuhungu, Ipagala na Ilazo unaona paneli zinang'aa. Je, mwenye umeme wa TANESCO anafaidika kwa kuongeza sola?

Chukua nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi katika daraja la D1. Inalipa shilingi 7,320, yaani 87,840 kwa mwaka. Ili kuzipata uniti hizo zote kwa jua unahitaji paneli za wati 500, betri ya lithiamu ya kuvusha usiku, inveta na fundi. Ukifanikiwa kuvipata vyote kwa milioni mbili, fedha itarudi baada ya miaka 22 na zaidi. Betri itakuwa imekufa mara mbili kabla ya hapo. Hiyo siyo biashara. Kama shida yako ni umeme kukatika, taa moja au mbili za kujichaji zinatosha. Nao mgawo uliotusumbua mwaka 2022 na 2023 ulipungua baada ya bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha Februari 2024.

Lakini kuna nyumba moja ya mjini ambayo hesabu yake inafurahisha. Ni ile inayovuka uniti 75 kidogo tu. Ukiwa D1, kila uniti ya juu ya 75 ni shilingi 350, na pamoja na makato ni 427. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni 292, na pamoja na makato ni kama 356. Mwenye uniti 90 katika T1 analipa zaidi ya shilingi 32,000. Angetumia 75 katika D1 angelipa 9,150. Kwa ajili ya uniti 15 analipa zaidi ya elfu 22 kila mwezi!

Paneli moja ya wati 150 na betri yake ingeziondoa uniti hizo 15. Lakini ngoja, usikimbilie dukani. Toka nje uitazame taa ya usalama. Kama ni balbu ya kizamani ya wati 60 inayowaka saa 12, inakula uniti 21 kwa mwezi peke yake. Weka ya LED ya wati 9, na umemaliza kazi yote ya paneli kwa bei ya kilo moja ya sukari. Halafu angalia raba ya mlango wa jokofu kama bado inabana, na siku za kupiga pasi zipunguzwe ziwe moja kwa juma. Matumizi yakishuka miezi kadhaa mfululizo, nenda ofisi ya TANESCO na risiti zako uombe kurudishwa D1. Hiyo ndiyo sola ya bei rahisi kuliko zote katika mji huu.

Mwenye matumizi makubwa hasa, tuseme uniti 150 za T1, analipa kama 53,400 kwa mwezi, 640,800 kwa mwaka. Mtambo wa milioni nne na nusu ungerudisha fedha yake kwa miaka saba hivi. Hapo si upuuzi, hasa kama ni saluni, mashine ya kusaga karanga au pampu ya kisima inayofanya kazi mchana. Kazi ya mchana haihitaji betri kubwa, na betri ndiyo mla fedha. Pampu ni mfano mzuri kuliko yote: tangi lililojaa maji ndilo betri yenyewe. Kwa mwenye bustani ya mboga au zabibu anayesukuma maji kwa mashine ya petroli, nampa moyo aulize bei.

Yale ambayo sola haifanyi

Haipiki. Niseme wazi kwa sababu nimesikia akina mama wakitumaini kuachana na mkaa. Birika la umeme ni wati 1,500 hadi 2,000. Seti ya nyumbani ya wati 100 hailiwezi hata dakika moja. Pasi vivyo hivyo. Mkaa na kuni, ambazo ndizo zinazokula fedha na migongo yetu zaidi, zitabaki pale pale baada ya sola kufungwa. Kwa hiyo anayesema sola "itakumalizia gharama za nishati nyumbani" anazungumza juu ya sehemu ndogo ya gharama hizo.

Haikutajirishi kwa kuchajia watu simu, au tuseme haikutajirishi kwa muda mrefu. Mwenye sola ya kwanza kitongojini hupata fedha nzuri. Jirani wa tano akishanunua yake, wateja wanakwisha. Kama umeweka mapato hayo katika hesabu, hesabu mwaka mmoja tu.

Pengine kipato cha kudumu kiko katika ujuzi. Kule Kinyasini, Unguja, kuna chuo kinachowafundisha akina mama wa vijijini, ambao wengi hawakusoma sana, kuunganisha na kutengeneza sola. Wakirudi kwao ndio mafundi wa kijiji. Katika vitongoji vyetu seti nyingi zinalala juu ya kabati kwa sababu ya waya uliokatika au kontrola iliyoungua, na hakuna wa kuzigusa.

Na itokee basi kwamba umepiga hesabu yote na fedha hairudi, lakini bado unaitaka taa. Inunue, kama haili unga wa watoto. Hatuulizi kitanda kitarudisha fedha lini. Ila ukijua kwamba unanunua kitanda, hutakubali kuuziwa kwa bei ya ng'ombe wa maziwa.

Ukishaamua

Nunua palipo na risiti na dhamana ya maandishi, kifaa chenye alama ya TBS. Paneli ya bandia huandikwa wati 100 na kutoa 40. Mwulize muuzaji aipime mbele yako kwa mita, juani. Kontrola usiiache ili kuokoa fedha, kwa maana ndiyo inayoilinda betri isijazwe kupita kiasi wala kukamuliwa mpaka ife.

Paneli itazame kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini mwa ikweta, na ilale kwa mteremko kidogo ili maji na vumbi vishuke. Mwenye nyumba ya tembe asiilaze paneli juu ya udongo wa paa. Ijengewe fremu ya miti au chuma inayoinuka, hewa ipite chini yake, kwa kuwa paneli ikipata moto sana hupunguza nguvu. Fremu ifungwe kwa boliti ambazo vichwa vyake vimeharibiwa au kuchomelewa, maana tembe ni fupi na wezi wanajua kupanda.

Kisha kuna vumbi letu. Julai mpaka Oktoba upepo wa Dodoma huipaka paneli udongo mwekundu, na paneli iliyopakwa udongo ni paneli uliyoilipia ikalala. Ifute mara moja au mbili kwa juma, alfajiri kabla haijapata moto, kwa kitambaa laini na maji matupu bila sabuni ya unga wala mchanga. Nusu ndoo inatosha. Ukitega beseni chini ya ukingo, maji hayo yatatosha na mchicha.